Kipimo Kimoja, Vipande Vingi: Nani Mwenye Namba katika Mchoro wa Mashine?

Tuchukue mashine ndogo ya kukoboa kahawa, ya aina ambayo kikundi cha wakulima wa Bukoba au Muleba kinaweza kumwagiza fundi wa kuchomelea, badala ya kupeleka kahawa yote ya maganda kiwandani. Fundi mwenyewe tumweke Kahororo. Ana karakana, grainda, mashine ya kuchomelea na kompyuta ya mkononi. Mashine anayoichora ina fremu ya skwea paipu, shafti ya milimita 25, beringi mbili zenye nyumba zake zinazofungwa juu ya fremu, ngoma inayozunguka ndani ya chekeche, hopa juu, puli upande mmoja na mota chini. Kila kipande kina faili lake, na faili moja la mwisho linavikusanya vyote pamoja. Mchoro umekamilika. Ndipo mteja anaiangalia ile shafti na kusema ni nyembamba, aweke ya milimita 30.

Kwa kusikia tu, ni badiliko la milimita tano. Tufuate linakokwenda. Tundu la puli ni 25, sasa liwe 30. Sahani mbili zinazoshika ngoma nazo zina matundu ya 25. Beringi ilikuwa UCP 205, sasa iwe UCP 206, na hapo mambo yanaanza kusambaa. Kwenye beringi ya 205, umbali kati ya mashimo mawili ya bolti ni milimita 105. Kwenye 206 ni 121, kwa hiyo mashimo ya fremu yahame. Kimo kutoka kitako cha beringi hadi katikati ya shafti ni 36.5 kwa ile ya kwanza na 42.9 kwa ya pili. Shafti imepanda milimita 6.4 bila mtu yeyote kuomba ipande.

Sasa tazama chekeche. Ikiwa imefungwa kwenye fremu, yenyewe haikupanda. Kama nafasi kati ya ngoma na chekeche ilikuwa milimita 10 pande zote, sasa chini ni 16.4 na juu ni 3.6. Chini, kahawa itapita na maganda yake. Juu itasagika. Kitu pekee kilichosalimika katika msafara huu ni kii ya puli, kwa sababu viwango vya kimetriki vinaipa shafti yoyote iliyozidi milimita 22 hadi kufikia 30 kii ileile, ya upana wa 8 na kimo cha 7.

Swali la uchambuzi huu liko hapo. Katika mchoro wa mashine yenye vipande vingi, ile 25 inakaa wapi? Ikiwa inakaa katika mafaili sita, kila moja likiwa na 25 yake, fundi hana kipimo kimoja. Ana vipimo sita vilivyofanana kwa bahati, na bahati hiyo itakwisha siku atakaposahau faili moja. Programu za usanifu zinatoa njia kadhaa za kuvifanya vipande vishirikiane kipimo, na kila njia ina watetezi wake. Mimi naamini mjadala kuhusu njia umekuzwa kuliko unavyostahili. Jambo zito zaidi ni kujua nani mwenye namba, na namba hiyo inatoka wapi kwenda wapi.

Wazo lenyewe la kuchora kwa namba zinazoweza kubadilishwa ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu yake kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji aliweza kuiambia mistari miwili ibaki sambamba, nayo ikatii. Aliweza kuchora umbo kuu, akatawanya nakala zake, na akibadilisha umbo kuu nakala zote zikabadilika. Samuel Geisberg alianzisha kampuni ya PTC mwaka 1985, na programu yake ya Pro/ENGINEER, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaufanya mtindo huo kuwa kazi ya kila siku ya viwanda. Tangu hapo, ndani ya kipande kimoja tatizo limetulia: ukibadilisha urefu, mashimo yanahama yenyewe. Ugumu umebaki mpakani, pale faili moja linapopaswa kujua jambo lililoandikwa katika faili jingine.

Maziwa yetu yalikutana na ugumu huo kabla ya kompyuta kuingia katika uchoraji. Meli ya MV Victoria, ambayo watu wa Bukoba wameipanda kwenda Mwanza kizazi baada ya kizazi, iliundwa na kiwanda cha Yarrow huko Glasgow, Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa na kuungwa upya Kisumu, na ikaanza kazi mwaka 1961. Kabla yake, meli ya Graf von Goetzen, ambayo leo tunaiita Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita Dar es Salaam na reli ya kati hadi Kigoma, na ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Bamba ambalo tundu lake la ribiti halikulingana na la bamba jirani lisingeweza kurudishwa Papenburg kurekebishwa.

Walilinganishaje? Viwanda vya meli vya wakati ule vilikuwa na ukumbi wenye sakafu kubwa ya mbao, na juu ya sakafu hiyo umbo la meli lilichorwa kwa ukubwa wake halisi. Mafundi wa mataruma na mafundi wa mabamba walikata vigezo vyao kutoka kwenye mistari ileile ya sakafu. Fundi wa bamba hakupima taruma la mwenzake, wala mwenzake hakupima bamba. Wote wawili walipima sakafu. Kisha meli iliungwa kwa bolti palepale kiwandani, vipande vikaandikwa namba, na ndipo ikafunguliwa. Sioni maelezo bora zaidi ya ushirikiano wa vipimo kuliko hayo, na njia zote za leo nazipima kwa sakafu ile.

Njia ya kwanza ambayo karibu kila mtu huanza nayo ni lahajedwali. Unaandika jina la kipimo, unaandika thamani yake, na kila kipande kinasoma thamani hiyo badala ya kuwa na namba yake. FreeCAD ina lahajedwali ndani yake, na kila seli inaweza kupewa jina. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, liliongeza VarSet, kifaa cha kuhifadhi vigeu bila kuhitaji jedwali zima. SolidWorks inaweza kusoma milinganyo kutoka faili la maandishi lililo nje ya mchoro. Inventor inakubali kuunganishwa na jedwali la Excel. Onshape ina studio ya vigeu. Wanaochora kwa OpenSCAD huandika vipimo katika faili moja la maandishi na kila kipande hulisoma. Majina ni tofauti, dawa ni moja.

Dawa hiyo ni nzuri kwa sababu inaonekana. Mtu ambaye hajui kuchora anaweza kufungua jedwali na kuona shafti ni 25, kasi ni kadhaa, paipu ni ya ukubwa gani. Lakini jedwali linajua ukubwa, halijui mahali. Fundi wetu wa Kahororo angekuwa na mstari ulioandikwa «kipenyo cha shafti» na akaubadilisha kuwa 30, matundu yote yangepanuka vizuri, na zile milimita 6.4 zingempita. Hazikuwamo katika jedwali. Zilikuwa zimejificha katika umbo la beringi. Ili zionekane ilibidi kuwe na mstari mwingine, kimo cha katikati ya shafti kutoka juu ya fremu, na chekeche ipimwe kutoka hapo badala ya kupimwa kutoka kwenye paipu.

Kwa hiyo wachoraji wenye uzoefu huongeza kiunzi. Hiki ni faili lisilo na chuma ndani yake: lina mistari, mihimili na bapa tu. Mstari huu ndio katikati ya shafti. Bapa hili ndilo juu ya fremu. Mstari ule ndio katikati ya mota. Vipande vyote hujengwa juu ya mistari hiyo, na hakuna kipande kinachomuuliza jirani yake chochote. Watumiaji wa Creo, ambayo ndiyo mrithi wa Pro/ENGINEER, na wa CATIA wamefanya kazi hivi kwa miaka mingi katika magari na ndege. Hiyo ndiyo sakafu ya Yarrow imerudi, safari hii ndani ya kompyuta. Shafti ikipanda katika kiunzi, ngoma inapanda, chekeche inapanda, na mdomo wa hopa unafuata.

Kiunzi nacho kina gharama yake. Kinataka ufikiri mashine nzima kabla ya kuchora kipande cha kwanza, na fundi aliyezoea kukata chuma kwanza na kupima baadaye ataona anacheleweshwa. Tena kuna tatizo ambalo watumiaji wa FreeCAD wamelilalamikia kwa miaka: programu huzipa nyuso na kingo namba, na ukiongeza tundu moja katikati ya historia ya mchoro, uso wa 6 unaweza kugeuka kuwa uso wa 9, na kila kilichoshikilia uso wa 6 kikaangukia pasipo pake. Toleo la 1.0 limelipunguza sana tatizo hilo bila kulimaliza. Ndiyo maana ni salama zaidi kushikilia mistari na bapa za kiunzi kuliko kushikilia ukingo wa chuma kilichokwisha kutobolewa.

Njia ya kuchora mashine nzima katika faili moja na kuigawa vipande mwishoni naipita haraka. Kwa fremu ya kuchomelea inafaa kabisa, kwa sababu fremu kwa kweli ni kitu kimoja. Kwa mashine yenye beringi, mota na puli za kununua, haifai.

Njia ninayoipinga ni ile iliyo rahisi kuliko zote: kufungua mashine nzima kwenye skrini, kubofya ukingo wa kipande jirani, na kusema tundu langu lifuate ukingo ule. Programu zote kubwa zinaruhusu. Inapendeza siku ya kwanza. Baada ya mwezi, puli inafuata shafti, shafti inafuata beringi, beringi inafuata fremu, na mguu mmoja wa fremu unafuata kifuniko cha puli kwa sababu siku moja kilikuwa karibu. Hakuna anayeweza kusema mwanzo ni upi. Ukitaka kuitumia puli ileile katika mashine ya kusaga mahindi, inakuja ikiburuta mashine ya kahawa nyuma yake.

Mzunguko wa namna hiyo ndio moyo wa suala hili, na mkanda wa mota unauonyesha vizuri kuliko kitu kingine. Mota ya kawaida yenye poli nne, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Tukitaka ngoma izunguke mara 600, puli ya mota ikiwa na kipenyo cha milimita 100, puli ya ngoma iwe na 240. Tuweke umbali kati ya shafti mbili kuwa 450. Hesabu ya urefu wa mkanda inatoa takriban milimita 1,445. Sasa nenda dukani mjini Bukoba ukaombe mkanda wa milimita 1,445. Utapewa ule uliopo, kwa namba iliyochapwa mgongoni mwake, na namba hizo zinaruka kwa hatua.

Basi nani anamfuata nani? Fundi akiandika kwamba urefu wa mkanda unatokana na mahali pa mota, kisha akaandika kwamba mahali pa mota panatokana na urefu wa mkanda, FreeCAD itagoma na kutoa onyo la mzunguko. Wachoraji wengi huliona onyo hilo kama kasoro ya programu na kutafuta ujanja wa kulikwepa. Kweli, wakati mwingine programu huwa kali kupita kiasi: lahajedwali moja ikilisha kipande na pia kusoma kitu kutoka kipande hichohicho, inaweza kukataa hata kama seli zenyewe hazigusani, na dawa ni kugawa jedwali mara mbili, moja la kulisha na moja la kusoma. Lakini kwa mkanda, programu ina haki. Imeuliza swali la kihandisi ambalo mchoraji hakulijibu: katika mambo haya mawili, lipi linaamua?

Hapa jibu liko dukani. Mkanda unaamua, kwa sababu hauwezi kunyooshwa. Mota inafuata, na kitako chake kinatobolewa matundu marefu ili isogezwe mbele na nyuma. Ukilitambua hilo, utaona namba nyingi katika mashine hii hazikuzaliwa na mchoraji. Beringi zimezaliwa kiwandani, nazo zinafika Bukoba kwa ukubwa ule ambao wafanyabiashara wameamua kuuleta. Skwea paipu vivyo hivyo, na paipu iliyoandikwa unene wa milimita 2 yafaa ipimwe kwa venia kabla namba hiyo haijaingizwa katika jedwali. Namba nyingine zinatoka kwenye kazi: kasi ya ngoma, nafasi ya kupitisha kahawa, kimo ambacho mama anaweza kumimina debe bila kupanda kitu. Zilizobaki zote ni watoto wa makundi hayo mawili, na hazina haki ya kuandikwa kwa mkono popote. Jedwali zuri la mashine hii lina mistari michache sana ya kuandikwa, na mingine yote ni fomula. Nikiona jedwali lenye vigeu 80 kwa mashine ya vipande 20, najua mchoraji ameshirikisha kila kitu kwa kuwa inawezekana. Vinavyostahili kushirikishwa ni vipimo vya pale vipande vinapokutana. Unene wa utepe unaoimarisha hopa haumhusu mwingine yeyote.

Kuna upande wa pili ambao programu hazizungumzi sana: wakati ambapo kipimo hakipaswi kusafiri. Mashine tatu zikishauzwa, moja ikiwa Kamachumu na mbili Kanyigo, jedwali likibadilishwa kuwa 30, mchoro wa mashine zile tatu nao umebadilika, wakati chuma chake hakikubadilika. Mteja akirudi kuomba sahani ya ngoma, atakatiwa ya 30 kwa shafti ya 25. Kwa hiyo kila mashine inapotoka karakanani, jedwali lake na michoro yake vifungwe katika folda moja yenye jina la toleo, na visiguswe tena. Hili linagusa pia mazoea yetu ya kutumiana mafaili kwa WhatsApp au flashi. Ukimtumia mwenzako faili la puli peke yake, kwa kawaida litafunguka na umbo lake la mwisho, huku uzi wa kwenda kwenye jedwali umekatika, naye ataanza kuandika namba zake mwenyewe. Folda nzima ndiyo isafiri. Na kwa kuwa kazi hii inafanyika pale ambapo intaneti hukatika na leseni za programu kubwa hulipiwa kwa dola, FreeCAD, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila mtandao, inastahili kufundishwa katika vyuo vya ufundi kwa uzito uleule wa programu za kibiashara.

Vipo vipimo vilivyoshirikishwa na wengi kiasi kwamba hakuna mmoja anayeweza kuvibadilisha tena. Upana wa reli ya zamani ya Tanzania ni milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Namba hiyo haikai relini tu. Iko kwenye ekseli za mabehewa, na iko kwenye sitaha ya MV Umoja, meli ya mabehewa iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1960, na kwenye madaraja ya kuingizia mabehewa melini katika gati za Mwanza Kusini na Kemondo. TAZARA ilijengwa kwa milimita 1,067, na kwa tofauti ya milimita 67 tu mizigo lazima ihamishwe Kidatu kutoka behewa hadi behewa. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina 1,435, na ujenzi wake unaelekea Mwanza. Ikifika ziwani itakuta sitaha na madaraja yaliyopimwa kwa namba nyingine. Mwenye reli ni mmoja, mwenye meli mwingine, na nchi zinazopakana na ziwa nazo zina mabehewa yao. Kipimo cha namna hiyo kisiwekwe katika jedwali kama kigeu cha kuchezea. Kiandikwe, kifungwe, na pembeni kiwekwe jina la anayepaswa kuulizwa.

Tukirudi kwenye ngoma na chekeche, ile nafasi ya milimita 10 inahitaji kuamuliwa ni ya nani. Si ya mchoraji, maana hajui punje za msimu ujao zitakuwa nene kiasi gani, wala zitakuwa zimekauka vipi. Si ya duka. Ni ya mkulima anayemimina kahawa siku hiyo. Kwa hiyo mimi ningeiondoa kabisa katika vipimo vilivyokazwa: chekeche ishikwe kwa bolti nne ndani ya matundu marefu, isogee milimita 8 juu na chini, na katika jedwali iandikwe mipaka miwili tu, mdogo na mkubwa. Shafti ikipanda 6.4 kwa sababu ya beringi mpya, kiunzi kitalipandisha tundu lenyewe, na spana ya mkulima itamalizia kilichobaki.